Kompyuta Inawaka Lakini Skrini Ni Nyeusi: Kagua Haya Kabla ya Kumwita Fundi



Chukua mfano wa nyumba moja pembezoni mwa Litein. Ni tarehe 29 Juni jioni. Baba anataka kujaza ritani za ushuru kwenye iTax kabla ya siku ya mwisho, ambayo ni tarehe 30 Juni. Mvua ya radi imepiga alasiri yote, stima imepotea na kurudi mara mbili. Anabonyeza kitufe cha kompyuta, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba kompyuta imekufa na stakabadhi zote za familia zimekwenda nayo.

Mara nyingi haijakufa. Stakabadhi, picha na barua haziishi ndani ya skrini. Zinahifadhiwa kwenye diski iliyo ndani ya lile sanduku ambalo wengi wetu huliita CPU. Skrini ni dirisha tu, na dirisha likiziba haina maana kwamba nyumba imebomoka. Aidha, sababu nyingi za skrini kuwa nyeusi ni ndogo, na mwenye nyumba anaweza kuzikagua mwenyewe bila gharama yoyote.

Kwanza, tazama na usikilize

Kabla ya kugusa waya wowote, tafuta majibu ya maswali manne:

- Je, taa ndogo ya skrini inawaka? Kama haiwaki kabisa, skrini haipati stima.
- Je, skrini inaonyesha maandishi kama "No Signal" kwa muda mfupi kisha inazima? Hiyo ni habari njema. Skrini ni nzima, ila haipokei picha kutoka kwa CPU.
- Je, feni ya CPU inazunguka? Kama CPU iko kimya kabisa, tatizo ni stima au kitufe cha kuwashia, si skrini.
- Subiri dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta inafanya kazi gizani, na kasoro iko kwenye kebo, skrini au njia ya picha.

Andika majibu haya kwenye karatasi. Hata ukilazimika kumwita fundi, yatamwokolea muda, nawe yatakuokolea pesa.

Pili, fuata stima kutoka ukutani

1. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Isipochaji, tatizo ni soketi au kebo ya kugawia stima.

2. Kebo ya stima ya CPU na ile ya skrini za mezani mara nyingi ni za aina moja. Zima swichi ukutani, zibadilishane, kisha uwashe tena. Skrini ikiwaka, umepata mhalifu: ni kebo. Skrini nyingine hutumia adapta ndogo kama ya laptopu. Hizo zijaribiwe kwa adapta yenye volti zilezile tu.

3. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake. Fyuzi ikiungua, badilisha kwa nyingine yenye kipimo kilekile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua.

4. Kompyuta za zamani, hasa zilizotoka ng'ambo zikiwa zimetumika, huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma ya CPU inayoonyesha 115 au 230. Stima yetu nchini Kenya ni ya volti 240, kwa hivyo swichi hiyo lazima iwe kwenye 230. Ukiichomeka ikiwa 115, kisanduku cha stima kilicho ndani huungua papo hapo.

Tatu, fuata picha kutoka CPU hadi kwenye skrini

Zima vifaa vyote viwili. Chomoa kebo ya picha pande zote mbili uitazame. Kebo ya VGA ina pini nyembamba na skurubu mbili pembeni. Pini ikipinda, picha hukosekana au rangi hubadilika. Irudishe kwa uthabiti na ukaze skurubu kwa vidole. Kebo ya HDMI haina skurubu, hivyo hulegea kwa urahisi meza inaposukumwa wakati wa kufagia.

Angalia pia umeichomeka wapi. CPU nyingine zina sehemu mbili za kutolea picha: moja karibu na mashimo ya kibodi na USB, nyingine chini yake kwenye kadi ya picha. Kama kadi hiyo ipo, kwa kawaida picha hutoka huko. Kisha bonyeza kitufe cha skrini cha kuchagua chanzo, uhakikishe kwamba kama umetumia VGA, skrini inasubiri VGA, na kama ni HDMI, inasubiri HDMI.

Kama una televisheni yenye shimo la HDMI au VGA, iunganishe na CPU. Picha ikitokea kwenye televisheni, skrini yako ndiyo mbovu. Isipotokea kokote, CPU ndiyo yenye shida.

Jaribio jingine ni la tochi. Ukiwa gizani, elekeza tochi ya simu kwenye skrini iliyowaka. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, ila taa ya ndani ya skrini imeungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa skrini, wala huhitaji kununua kompyuta nyingine.

Nne, ndani ya CPU

Hatua hii ni ya mtu asiyeharakisha. Chomoa kebo ya stima kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili stima iliyobaki iishe. Chomoa printa, flashi na vifaa vingine, ubakishe skrini na kibodi. Rudisha stima ujaribu. Wakati mwingine hili peke yake hutosha baada ya stima kukatika ghafla.

Isipowaka, chomoa stima tena na ufungue kifuniko cha pembeni. Gusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme ulio mwilini usiharibu vipuri. Hapa kwetu kuna ukungu, mvua na baridi ya asubuhi karibu mwaka mzima, na unyevu ukichanganyika na vumbi huleta uchafu kwenye miguu ya RAM. RAM ni kile kipande chembamba kilichosimama kwenye ubao mkuu. Fungua vibanio vyake, kitoe, sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, kisha kirudishe hadi usikie kibanio kikilia. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja.

CPU ikitoa milio kama ya honi, hesabu milio hiyo na uiandike. Ni lugha ya ubao mkuu, na maana yake hutegemea kampuni iliyoutengeneza.

Usiguse kamwe

Usifungue kisanduku cha stima kilicho ndani ya CPU, wala skrini za zamani zenye mgongo mnene kama televisheni za kale. Skrini hizo huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi, zima swichi ya ukutani na uache hapo.

Radi na stima isiyotulia

Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazojulikana sana kwa mvua ya mawe, na mawingu yanayoleta mawe ndiyo yanayoleta radi. Ukisikia ngurumo ya mbali, chomoa kompyuta, skrini na waya wa intaneti. Kuzima swichi pekee hakutoshi, na kifaa cha kulinda stima hakiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu. Ikiwa radi tayari iko juu ya nyumba, usishike waya, ngoja ipite. Stima ikipotea, chomoa vifaa, na ikirudi subiri dakika chache kabla ya kuvirudisha.

Ikiwa taa za nyumba nzima zinafifia au kung'aa kupita kiasi, hilo si tatizo la kompyuta. Zima swichi kuu na uripoti kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.

Ukimpelekea fundi

Mweleze ulichoona na ulichojaribu. Ulize bei kabla hajaanza, na umwombe akurudishie kipuri cha zamani. Kama kasoro ni ya skrini, peleka skrini peke yake, CPU ibaki nyumbani. Diski yako ina nakala za vitambulisho, vyeti na pengine nywila za benki. Usikubali ibadilishwe au ifutwe kwa sababu tu skrini haionyeshi.

Kompyuta ikiwaka tena, kazi ya kwanza iwe kunakili stakabadhi muhimu kwenye flashi na kuiweka mahali pengine pakavu. Yule baba wa Litein bado ana siku moja ya kujaza ritani zake, na huenda kinachomzuia ni kebo iliyolegea tu.