Mpangusa Umande

Wanyankole wa Uganda humwita mshenga katerarume, yaani mpangusa umande. Alfajiri ya Ankole majani yamelowa, na haifai mgeni afike kwa watu akiwa chepechepe. Basi mmoja hutangulia, akayakung'uta majani, akalowa yeye. Katika posa ni vivyo hivyo. Katerarume ndiye anayeulizia binti na kupima mioyo ya wazazi. Wakikataa, yeye ndiye anayerudi na maji miguuni, na mposaji mwenyewe hajatamka neno.

Wanyarwanda nao wana umuranga wao, na watu wa pwani wana mshenga. Kukataa kuna adabu zake: utaambiwa binti bado mdogo, au baba yake mkubwa yuko safarini. Akufukuzaye hakwambii toka. Mshenga huyafumbua maneno hayo, akayapeleka kwa wazee, nao wakamkalisha kijana chini. Aliyekataliwa basi ni ukoo mzima, na ukoo humtafutia kwingine. Desturi haikutibu mapenzi, ila iligawa uchungu wake. Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi, kwani binti aliyempenda mtu kimoyomoyo hakuwa na wa kumtuma.

Katika Ankole hiyohiyo, makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia Watutsi kutoka Rwanda. Siku hizi Wakongo ndio wengi, wakiishi na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili kinawakutanisha wengi wao sokoni na bombani. Hapo bombani kijana humpenda binti aliyetangulia kwenye foleni ya madumu. Sasa amtume nani? Baba mdogo alibaki Masisi, huko Kongo; shangazi hajulikani alipo. Anatuma ujumbe kwa simu. Ujumbe unasomwa, haujibiwi. Akipanda gari kwenda Mbarara kutafuta kibarua, ukimya ule anao mfukoni.

Kuna pia jambo ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Pengine familia ya binti inangoja kuhamishiwa nchi ya mbali, kama Kanada. Majina ya nyumba yameshaandikwa, na ndoa mpya yaweza kulichelewesha faili. Kwa hiyo kuna "hapana" itokayo moyoni, na kuna itokayo kwenye faili. Kijana asiye na mshenga hana wa kumtofautishia, naye hukesha akijitafutia kasoro usoni, mfukoni, katika kabila lake.

Ndiyo maana wapo wanaomwendea mzee wa kanisa, au jirani waliyekimbia naye, wakamfanya mjomba. Mjomba wa namna hiyo hana ng'ombe wa kutoa, wala hawezi kumgeuza binti. Anachoweza ni kwenda, akauliza, akarudi jioni, akaketi na kijana mlangoni na kumweleza alichojibiwa.