Samaki wa Shirika

Mvuvi wa Pemba aendapo dago, akavuka na wenziwe kwa mashua hadi pwani ya Kenya, hatii nyavu zake majini kabla hajapanda pwani akamwendea mzee wa mji, akamweleza atokako, idadi ya watu wake na zana alizochukua, naye akaarifiwa miamba isiyoguswa na mitego isiyokubaliwa, ndipo apate idhini. Ada hii ina umri mkubwa kuliko mipaka ya dola zetu, nami sijaona kanuni iliyo bora zaidi yake: mgeni huvua kwa sharti la mwenyeji.

Kwa kanuni hiyo hiyo, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki walio ndani ya maili 200 za baharini, na kwa kuwa waliouandika walijua kwamba samaki hatambui mstari uliochorwa katika ramani, kifungu cha 63 kikazitaka nchi ambazo kundi moja la samaki li katika maji yao zote zitafute maafikiano. Vibua na nguru wa baina ya Moa ya Tanzania na Vanga ya Kenya ni mali ya shirika kwa maana hiyo hasa. Kwani upande mmoja ukifunga msimu ili samaki wazaane, na upande wa pili ukaacha nyavu za macho madogo zikokotwe usiku na mchana, aliyejizuia hapati ila hasara ya subira yake.

Kwa jodari jambo ni zito zaidi, maana huyu huvuka bahari nzima. Mashauri yake yamekabidhiwa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli, ambayo mkataba wake ulianza kutumika mwaka 1996. Meli kubwa za kigeni huacha vyelezo vielee baharini, na samaki, kwa tabia yao, hukusanyika chini ya kivuli chake. Wavu ukizungushwa hapo, pamoja na sehewa waliokusudiwa hupanda jodari wachanga wasiozidi urefu wa mkono hadi kiwiko, ilhali jodari hukaribia mita moja ndipo aanze kuzaa.

Mwezi wa Februari 2023 Tume ilikutana Mombasa, ikapitisha, kwa pendekezo la Indonesia na nchi nyingine za pwani, azimio la kusimamisha vyelezo hivyo kwa siku 72 kila mwaka. Lakini mkataba humruhusu mwanachama kuleta pingamizi ndani ya siku 120, akawa hafungwi na azimio; na wapingaji wakizidi theluthi, waliobaki nao hufunguliwa. Pingamizi zikaja, azimio likaanguka. Nasikitika kusema kwamba baadhi ya walioandika pingamizi walikuwa majirani zetu wenyewe.

Hapa ndipo visiwa vya Pasifiki vinapotufaa kwa mfano. Nchi nane ndogo, zilizoungana kwa Mapatano ya Nauru ya mwaka 1982, ziliacha kuuza leseni kila moja kwa bei yake, zikakadiria kwa pamoja siku ambazo meli zitaruhusiwa kuvua, zikaweka bei ya chini ambayo hakuna kati yao iishushayo. Meli iliyokataliwa Kiribati haikupata rahisi Tuvalu. Kenya, Tanzania, Msumbiji, Komoro na Shelisheli bado kila moja hukaa peke yake na mwenye meli, mlango umefungwa.