Zulia Lisilonyonyoka Hutazamwa Mgongoni

Muulize muuza mazulia wa Kariakoo kwa nini manyoya yanabaki kiganjani ukilipapasa zulia lake, naye atakujibu kwa upole: "Hilo bado jipya, mama. Lifagie siku mbili tatu, litatulia." Huenda anasema kweli. Yapo mazulia yanayotulia, na yapo yatakayokufanya uokote vinyweleo kwenye mswala, kwenye sinia la wali na kwenye nguo za mtoto anayetambaa mpaka siku utakapoyatoa nje. Dukani yote mawili yanafanana, na mara nyingi lile lisilotulia ndilo laini zaidi mkononi. Kwa hiyo kiganja, ambacho wengi wetu hukitegemea tunapochagua, ni shahidi dhaifu.

Zulia lenye manyoya limejengwa kwa vishungi. Uzi hupitishwa kwenye kitambaa cha chini na kukunjwa mfano wa herufi U, ncha zake mbili zikitazama juu. Ncha hizo ndizo tunazozikanyaga. Uzi wenyewe umeundwa kwa nyuzinyuzi nyembamba nyingi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kunyonyoka kunaanzia hapa. Sufu ya kondoo ina urefu wa sentimita chache tu, kwa kawaida kati ya 5 na 15. Ili upatikane uzi mrefu, nywele hizo husokotwa pamoja, moja ikiishia katikati ya nyingine. Uzi huo unapokatwa kuwa vishungi, kuna nywele zinazoshuka hadi kwenye kikunjo cha chini zikashikwa sawasawa, na kuna vipande vifupi vinavyobaki juu, havijafika chini, vimezuiwa na msokoto peke yake. Hivyo ndivyo vinavyotoka. Miguu ikipita na fagio likipita, vinajichomoa kimoja kimoja.

Lakini idadi yake ina mwisho. Zulia la sufu nzuri litatoa manyoya kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kisha vipande vilivyolegea vitakwisha na zulia litatulia. Kwa zulia la namna hii muuzaji amesema kweli. Sufu fupi ya bei rahisi huchukua muda mrefu zaidi, maana kadiri unywele unavyokuwa mfupi ndivyo vipande visivyofika chini vinavyoongezeka.

Nyuzi za viwandani zina njia nyingine. Polipropilini, naironi na poliesta hutokana na plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwenye vitundu vidogo, ikatoka uzi mmoja usiokatika ambao unaweza kufika kilomita nyingi. Zulia likifumwa kwa uzi wa aina hiyo, kila unywele unapita kwenye kikunjo cha chini. Hakuna kipande kilichoachwa juu bila kushikwa, kwa hiyo kinachotoka siku za mwanzo ni vumbi la mkasi wa kiwandani tu. Ila poliesta hiyohiyo inaweza pia kukatwakatwa vipande vifupi na kusokotwa upya ili ifanane na sufu au pamba, nayo itanyonyoka vivyo hivyo. Ndiyo maana kusoma "poliesta" kwenye kibandiko hakutoshi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye mazulia ya manyoya marefu yaliyojaa sebule zetu siku hizi. Panua manyoya kwa vidole uangalie mizizi yake. Ukiona nyuzi zilizo kamili, kila mmoja umesokotwa na una mahali pake, kuna matumaini. Ukiona nywele moja moja zilizotapakaa kama za mnyama, bila uzi wowote, ujue ni vinyweleo vifupi vilivyopachikwa kwenye kitambaa laini. Zulia la aina hiyo silishauri kabisa kwa nyumba yenye mtoto mdogo au mgonjwa wa pumu, hata likiwa zuri namna gani.

Liko tatizo la pili, na kwangu ndilo kubwa. Vishungi vikishafungwa kwa fundo au kubanwa na mfumo wa nyuzi, havitoki. Lakini mazulia mengi hayafumwi. Sindano husukuma uzi kwenye kitambaa, kisha mgongo hupakwa gundi ya mpira na kufunikwa kwa kitambaa cha pili. Ufundi huu ulikua kutokana na matandiko ya kitanda: mwaka 1895 binti mmoja wa eneo la Dalton, jimbo la Georgia nchini Marekani, Catherine Evans, alitengeneza tandiko la vishungi kwa mkono, na kazi hiyo ikazaa viwanda vilivyoufanya mji huo kuwa kitovu cha mazulia cha nchi yake. Ni njia ya haraka na ya gharama nafuu, na ikifanywa kwa gundi nzuri hudumu miaka. Gundi mbaya, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, hukauka na kumeguka. Hapo vishungi vizima vinatoka na kikunjo chao, na chini ya zulia unakuta unga wa manjano. Zulia likifika hatua hiyo, kufagia hakulitulizi. Kila siku linakuwa baya zaidi.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza dukani ni kuomba zulia ligeuzwe. Ukiona mchoro wa mbele umetokeza pia mgongoni, limefumwa au limefungwa kwa mafundo. Ukiona kitambaa kimoja kitupu kilichobandikwa, limegundishwa. Likunje uso uangalie nje: vishungi vikiwa vimesongamana kiasi kwamba mgongo hauonekani kirahisi, vinaegemeana na kushikana. Kisha lisugue kwa nguvu kwa kiganja mara kadhaa mahali pamoja, ubandike selotepu na kuibandua. Ukipata vinyweleo vichache si neno. Ukipata kishungi kizima, liache palepale.

Jihadhari pia na zulia linaloitwa hariri ya mianzi au hariri bandia. Mara nyingi ni viskosi, yaani nyuzi zinazotokana na mbao au mianzi iliyoyeyushwa kwa kemikali. Linang'aa na linapendeza, lakini viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Maji yaliyomwagika mara moja na kusuguliwa kwa kitambaa yanatosha kulichakaza.

Anayetaka asisumbuke kabisa achague lisilo na manyoya. Kilimu hufumwa bapa, na mkeka wa ukindu hauna ncha za kukatika. Mkonge nao ni chaguo zuri, maana nyuzi zake zinatoka kwenye jani zikiwa na urefu wa karibu mita moja. Mmea huu uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa karibu na Pangani; miche iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu. Zulia la mkonge ni gumu kwa magoti ya mtoto na hushika madoa ya maji, kwa hiyo mimi ningeliweka kwenye chumba cha kazi au varanda iliyofunikwa, nikaacha sebule kwa polipropilini iliyofumwa kwa mashine. Katani, yaani nyuzi hizo za mkonge, isichanganywe na juti, ambayo hufanana nayo kwa mbali. Juti hutoa vumbi la nyuzi na kuoza upesi kwenye unyevu.

Hata zulia jema huharibiwa na matunzo. Mchanga ukizama kwenye mizizi ya manyoya hukata nyuzi kila unapokanyaga, hivyo viatu vibaki mlangoni na zulia likung'utwe mara kwa mara. Fagio la chelewa hukwangua na kuvuta. Tumia brashi laini, ukifuata mlalo wa manyoya. Zulia la gundi lisipelekwe sehemu ya kuoshea magari kulowekwa na kupigwa maji ya kasi, wala lisianikwe ukutani kutwa nzima, kwani maji na jua ndivyo vinavyoimaliza gundi. Ukikatiwa zulia kutoka kwenye roli, hakikisha pande zilizokatwa zinashonwa pindo kabla hujalitandika. Na ukiona uzi mmoja umechomoza juu ya nyingine, ukate kwa mkasi uwe sawa nazo, kwa maana ukiuvuta unaweza kuufumua mstari mzima.