Somalia: Kwa nini kasi ya kuondoa majeshi ya AU ilizua mvutano

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mwepesi. Aprili 2022 Umoja wa Afrika (AU) uligeuza kikosi chake cha Somalia, AMISOM, kuwa ATMIS, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha wanajeshi wa Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti waondoke kwa awamu hadi Desemba 31, 2024.

Wanajeshi 2,000 wa kwanza waliondoka kufikia mwisho wa Juni 2023. Vita, hata hivyo, havikufuata ratiba. Mei 26 mwaka huo wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa wamevamia kambi ya Waganda ya Buulo Mareer, na Rais Yoweri Museveni akatangaza kuwa askari 54 waliuawa. Agosti jeshi la Somalia nalo lilipata pigo zito Osweyne, likaacha miji kadhaa liliyokuwa limeitwaa. Mwezi uliofuata Serikali ya Mogadishu ikaomba awamu ya pili, ya wanajeshi 3,000, isogezwe mbele kwa siku 90. Ikakubaliwa.

Ugumu hauko katika kuhesabu vichwa. Kila kambi inayofungwa hukabidhiwa jeshi la Somalia au hubomolewa, na zinazosalia hulinda eneo pana zaidi kwa askari wachache. Misafara ya chakula na risasi hupita katika barabara zinazotegwa mabomu. Mwenyeji asipokuwa na askari wa kushika kambi iliyoachwa, adui huikalia.

Upande wa pili ni fedha, na hapa ndipo kasi ilipoamuliwa zaidi kuliko uwanja wa vita. Umoja wa Ulaya, mlipaji mkuu wa posho za askari hao, ulipunguza mchango huo kwa asilimia 20 tangu 2016.

Kwa awamu ya tatu, ya wanajeshi 4,000 waliopaswa kuondoka Juni 2024, Somalia iliomba nusu yao wabaki hadi Septemba.

ATMIS ilifikia ukomo kwa tarehe iliyopangwa, lakini nafasi yake ikachukuliwa na kikosi kingine cha AU, AUSSOM, bila Burundi. Mapema 2025 Al-Shabaab walianzisha mashambulizi makubwa, na Aprili wakautwaa tena mji wa Adan Yabaal. Mwezi huohuo nchi zinazochangia majeshi zilikutana Entebbe, Uganda, zikataka wanajeshi waongezwe kwa angalau 8,000, idadi inayokaribia ile ya 9,000 waliopangiwa kuondoka katika awamu tatu za kwanza.