Jibini ya Goma na Haki ya Jina la Mahali

Mteja aulizaye jibini ya Goma huonyeshwa duara nene la manjano, lenye ganda gumu na ndani laini, ambalo muuzaji hulikata kwa kisu na kulipima kwa mizani; walakini katika mji huo wa mashariki mwa Kongo, uliojengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, hakuna malisho, na jibini yenyewe aghalabu hugandishwa, hukamuliwa maji na kutiwa chumvi huko Masisi, katika vilima vya majani mabichi, kwa ustadi ulioletwa na wamisionari wa Ulaya, kisha huteremshwa Goma, mji ulioipa jina na kuipeleka hadi Kinshasa.

Jina kama hilo ni mali, na mali isiyo na mlinzi huibwa. Watengenezaji wa mvinyo wa Champagne, Ufaransa, walilijua hilo zamani. Nao mwaka 1960 walishinda mbele ya mahakama ya Uingereza, iliyokataza mvinyo wa Hispania kuuzwa kwa jina la Champagne, ijapokuwa jina la Hispania liliandikwa waziwazi kwenye chupa.

Mkataba wa biashara wa mwaka 1994, ambao Kongo iliukubali ilipoingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1997, umeuthibitisha ulinzi huo kwa mvinyo na pombe kali: hata kuandika "aina ya" au "mfano wa" hakumwokoi mghushi. Kwa bidhaa nyinginezo, jibini na kahawa zikiwamo, sharti mdai athibitishe kwamba wanunuzi wanahadaika. Naiona tofauti hiyo kuwa dhuluma, kwa maana jasho la mkamuaji ng'ombe si duni kuliko la mchuma zabibu; na kahawa ya Kivu, eneo lilelile la Goma na Masisi, iliyovushwa kwa magendo miaka mingi ikauzwa kama ya Rwanda au Uganda, yatosha kuwa ushahidi.

Hata hivyo njia ipo. Pilipili ya Penja, Kameruni, ilisajiliwa mwaka 2013 baada ya wakulima wake kukubaliana juu ya mipaka na kanuni. Na Kongo ina sheria yake ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982. Basi watengenezaji wa Masisi na wachuuzi wa Goma na wakutane, waandike ni maziwa ya wapi, jibini ikomazwe muda gani, na nani aruhusiwe kubandika jina hilo, kabla mgeni hajawatangulia kulisajili.