"Pampu Yenye Nguvu" ni Ipi? Kueleza Uchaguzi wa Pampu kwa Kiswahili

Aghalabu walimu wa Kiswahili hapa Uganda huchota mifano yao sokoni, hospitalini au jikoni. Wanafunzi wa uhandisi nao huuliza: je, lugha hii inaweza kueleza kazi yetu? Makala haya yanajibu kwa mfano mmoja, yaani uchaguzi wa pampu ya maji.

Tatizo la kwanza ni neno "nguvu". Mnunuzi huingia dukani akaomba "pampu yenye nguvu". Neno hilo halitoshi, kwani pampu hupimwa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: kiasi cha maji inachotoa kwa muda fulani, na kimo inachoyapandisha. Kadiri kimo kinavyoongezeka, ndivyo maji yanavyopungua.

Tuchukue mfano wa shule iliyo kilimani. Inahitaji lita 10,000 kwa saa 2, yaani lita 5,000 kwa saa. Tangi liko mita 30 juu ya usawa wa maji bondeni. Wengi huishia hapo, wakanunua pampu iliyoandikwa mita 30. Kumbe kimo hicho cha juu kabisa ndicho pampu inachokifikia bila kutoa hata tone! Fedha za wazazi zimekwenda, na wanafunzi wanaendelea kubeba madumu.

Isitoshe, maji husuguana na kuta za bomba. Ikiwa bomba lina urefu wa mita 200 na kipenyo cha ndani cha milimita 40, msuguano huo ni sawa na kuongeza kimo cha mita 7 hivi. Kona na vali huongeza kama mita 1. Jumla ni mita 38. Kwa hiyo fundi aagize pampu inayotoa lita 5,000 kwa saa katika kimo cha mita 38. Kazi hiyo yahitaji takriban wati 520 ndani ya maji yenyewe. Pampu ikiwa na ufanisi wa nusu, mota itoe zaidi ya wati 1,000. Mota ya kilowati 1.5 itafaa.

Tahadhari: bomba jembamba si nafuu. Kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, msuguano huongezeka takriban mara 32. Katika mfano wetu, mita 7 zingepita 200.

Tatizo la pili ni kitenzi "kuvuta". Tunasema pampu huvuta maji, lakini hasa ni hewa ya nje inayoyasukuma kuingia katika pampu. Pwani, hewa huweza kuyainua mita 10 hivi; Kampala, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ni kama mita 9. Kutokana na msuguano na mvuke, ni salama zaidi kutopita mita 6. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, pampu ishushwe majini. Kununua kubwa zaidi hakusaidii.

Basi walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi hili: waandike barua ya kuagiza pampu ya shule bila kutumia neno "nguvu". Atakayeweza kutaja kiasi, kimo na msuguano kwa ufasaha, ameelewa lugha na pampu pia.