Hakuna Mafuta ya Kutoa Majimaji Sikioni

Mzazi akishaambiwa mwanawe ana majimaji sikioni, swali ni lile lile, awe ametoka Katumba au Masoko: "Daktari, nimdondoshee mafuta gani yatoke?" Huyu anataja ya parachichi, yule ya kupikia yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Jibu ni hakuna. Hata tone.

Majimaji hayo si ya kuogea, wala si ya mvua za Tukuyu. Yamekusanyika nyuma ya ngoma ya sikio kwa kuwa njia ya hewa inayotoka nyuma ya pua imeziba, aghalabu baada ya mafua. Ngoma nzima haipitishi mafuta. Yatabaki nje, yachanganyike na nta na vumbi, nami nikichungulia sioni ngoma, naona tope. Ngoma ikiwa imetoboka ni balaa zaidi: umesafirisha vijidudu hadi ndani. Yakiwa ya moto, umemuunguza. "Mbona wa jirani alipona?" Angepona hata angepakwa mafuta hayo gotini! Watoto wengi hukaukwa na majimaji bila dawa ndani ya miezi 3, kisha sifa wanapewa mafuta. Antibayotiki za duka la dawa nazo hazikaushi, wala vidonge vya mafua.

Haya, yasipokauka yenyewe kinachoyatoa ni mirija, vijibomba vidogo vinavyopachikwa kwenye ngoma ya sikio. Tunangoja miezi 3 tangu majimaji yagunduliwe. Yakiwa bado yamo masikio yote mawili, na kipimo kikaonyesha usikivu umepungua, mirija inafaa. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, au anayechelewa kuongea, hangojeshwi sana. Mtoto analazwa kwa nusu kaputi, ngoma inatobolewa kidogo, majimaji yananyonywa (mengine huvutika kama gundi), mrija mdogo unapachikwa. Kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na mrija hudondoka wenyewe baada ya miezi 6 hadi 18. Aliyefikisha miaka 4 anaweza pia kuondolewa nyama za nyuma ya pua papo hapo. Usaha unaotiririka sikioni wiki 2 au zaidi ni ugonjwa mwingine kabisa. Mpeleke hospitali, usiulizie mirija.

Anzia hospitali ya Makandana au Igogwe, uombe rufaa ya Mbeya kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mkiwa mnangoja, mwombe mwalimu amketishe dawati la mbele, na nyumbani usimchape kwa kutoitika: msogelee, akutazame, ndipo useme.